Nirudishe mistari iliyofutwa enzi za Ujamaa, au niuache wimbo alivyouimba mjomba?

Nyar Kano, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, upande wa Nyalenda, na jioni nafundisha kwaya ya watoto. Nina swali ambalo limeninyima usingizi tangu Pasaka, na kwetu nyumbani limeshaanza kuwagawa watu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa jathum, mpigaji wa nyatiti, ala yetu ya nyuzi. Hakuwa Mkenya. Babu alihamia ng'ambo, upande wa Shirati, kabla ya uhuru, wakati mpaka ulikuwa jina tu. Mjomba akazaliwa huko, akaoa huko, na huko ndiko tulikomzika mwaka jana. Siku hizi wilaya inaitwa Rorya. Enzi zake ilikuwa Tarime. Ameacha kaseti 14 na madaftari mawili ya shule. Mke wake alinikabidhi vyote vimefungwa kwenye kanga, akaniambia, "Wewe ndiye unayejua kusoma nyimbo."

Katika daftari la kwanza kuna wimbo uliotungwa na babu. Mama anaujua nusu. Unasifu dala ya babu, yaani boma lake, kilima kilicho nyuma yake, fahali wake mweupe, na wanawe mmoja mmoja kwa majina ya pakruok. Kwa wale ambao si Wajaluo: pakruok ni zile sifa mtu anazojimwagia katikati ya muziki. Anasimamisha thum, anatoa pesa, anajisifu, anamsifu mama yake, ukoo wake, marafiki zake, kisha nyuzi zinaendelea. Ukiitoa pakruok unabaki na mtu anayepiga nyuzi nane peke yake.

Sasa, mistari minne ya wimbo huo imekatwa kwa kalamu ya buluu. Juu yake, kwa mwandiko ule ule wa mjomba, kuna maneno mapya, na baadhi si Kijaluo tena, ni Kiswahili: kijiji chetu, jembe, pamba, Mwalimu ametuita, yaani Nyerere. Pembeni ameandika 1975. Na kwenye kaseti ameuimba hivyo hivyo, na maneno ya buluu.

Kisa anachokijua mama ni hiki. Baada ya watu kuhamishiwa kijiji cha Ujamaa yaliandaliwa mashindano ya ngoma, na kiongozi mmoja wa chama pale kijijini akamwambia mjomba kwamba kusifu ukoo ni ukabila, na kumsifu mwenye ng'ombe wengi ni kusifu unyonyaji. Wimbo uwe na ujumbe, na ueleweke kwa wote. Mjomba akarudi nyumbani akachukua kalamu.

Desemba tunafanya kumbukumbu yake, na familia imeomba kwaya yangu iuimbe wimbo huo. Binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, anataka turudishe mistari ya babu. Anasema baba yake alilazimishwa, leo hakuna wa kumlazimisha, basi tumrudishie uhuru wake hata kama yuko kaburini. Dada yake anasema maneno ya buluu ni ya baba yao, kwa mkono wake mwenyewe, na sisi hatujapewa kazi ya kumsahihisha marehemu. Mimi niko katikati na watoto 31 wanaosubiri niwape maneno ya kujifunza.

Ninyi mlioishi katika nchi zilizokuwa na siasa hiyo, iwe Tanzania au mbali zaidi: nyimbo zilizobadilishwa mlizifanyaje?

---

Mstaafu wa Menengai, Nakuru

Mwalimu, poleni na msiba. Nitajibu kwa urefu, univumilie, maana swali lako nimelibeba mwenyewe tangu 1988.

Mimi ni Mbukusu wa Kimilili, mkazi wa Nakuru tangu nilipoajiriwa kwenye mambo ya maji. Mwaka 1984 nilipata nafasi ya kusoma Leningrad, mji ambao sasa unaitwa St. Petersburg, nikakaa huko miaka sita. Nimeishi ndani ya siasa hiyo na nimekula mkate wake. Ilinisomesha bila senti ya babangu, kwa hiyo sitaitukana ovyo.

Bwenini nilikaa chumba kimoja na Mkirgizi. Siku moja alinionyesha barua ya babu yake, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakuweza kuisoma. Baba yake pia hakuweza, kwa sababu alipoingia shule herufi zilikuwa zimegeuzwa kuwa za Kilatini, na ilipofika 1940 zikageuzwa tena kuwa za Kirusi, ndizo alizosomea yeye. Vizazi vitatu vya nyumba moja, lugha ile ile, maandishi matatu. Na serikali iliyofanya hivyo ndiyo hiyo hiyo iliyowapa Wakirgizi shule na magazeti kwa lugha yao. Manas, ule utenzi wao mrefu ajabu, uliandikwa kutoka vinywani mwa waghani wakongwe kwa fedha za serikali, halafu mwaka 1952 ukaitishiwa mkutano mji mkuu wa Frunze kuhojiwa kama ni utenzi wa wananchi au wa makabaila. Mkono mmoja unaandika, mwingine unafuta. Wewe ukitazama daftari la mjomba unaiona mikono yote miwili, isipokuwa hapo yote ni yake mwenyewe, na ndiyo sababu naona kazi yako ni ngumu kuliko zetu.

Mwaka 1987 jarida la Neva la pale Leningrad lilichapisha Rekviem, mashairi ya Anna Akhmatova juu ya akina mama waliosimama foleni nje ya jela enzi za Stalin wakiulizia watoto wao. Kwa miaka mingi mashairi hayo yalikaa vichwani mwa watu. Mwenyewe aliandika ubeti kwenye karatasi, rafiki akausoma kimya mpaka ukamkaa, kisha karatasi ikachomwa. Mwalimu wetu wa Kirusi, mama mtu mzima, alikuja darasani na jarida hilo, akafungua, akaanza kutusomea. Katikati akalifunga, akaendelea kusoma huku anatazama dirishani. Hakutuambia aliyajuaje, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, kutoka nchi saba. Nakumbuka Mwethiopia mmoja alilia.

Sasa nije kwenye nyimbo. Septemba 1988 mwanafunzi mwenzangu Mwestonia alinichukua kwao Tallinn kwa treni ya usiku. Waestonia wana tamasha la kwaya lililoanza 1869 katika mji wa Tartu, na hata chini ya Wasovieti liliendelea, kila miaka mitano hivi, jukwaa kubwa kama kilima kilichochongwa. Lakini ili lifanyike, ilibidi ziimbwe nyimbo za kumsifu Stalin na Lenin na chama. Ndiyo ilikuwa kodi yake. Wana wimbo wao mmoja, Mu isamaa on minu arm, maana yake nchi ya baba zangu ni mapenzi yangu. Gustav Ernesaks aliutia muziki, ukaimbwa kwenye tamasha la 1947. Mwaka 1950 ukaondolewa, na viongozi watatu wa kwaya wakakamatwa. Basi mwaka 1960, ratiba ilipokwisha, wanakwaya na umati wakauimba wenyewe bila kuagizwa. Miaka tisa baadaye serikali ilikuwa imeshaurudisha kwenye ratiba.

Tarehe 11 Septemba nilisimama kwenye uwanja huo. Inasemekana tulikuwa watu wapatao 300,000, katika nchi ya watu milioni moja na nusu. Bendera zao za buluu, nyeusi na nyeupe, ambazo kwa miaka mingi ukizionyesha unafungwa, zilikuwa kila mahali. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu niliyemwona siku hiyo. Nilishikwa mkono na bibi mmoja, shangazi ya yule rafiki yangu, aliyekuwa mwanakwaya tangu usichana. Usiku, nyumbani kwake, tukinywa chai, nilimuuliza kama zile nyimbo za Stalin amezisahau. Akaniimbia moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ya pili, alto, aliyokuwa akiiimba mwaka 1950. Alipomaliza akasema, "Hii pia ni sauti yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa." Hakusema kwa aibu wala kwa fahari. Kisha akainuka akaosha vikombe.

Na jambo la mwisho la huko, ambalo ndilo linalofanana zaidi na lako. Kule Tartu kuna hifadhi ya nyimbo na simulizi za Kiestonia, iliundwa 1927, lakini makaratasi yake mengine ni ya karne ya kumi na tisa, wakati watu wa vijijini walipoombwa waandike wanachokijua na kukituma. Enzi za mwisho za Stalin hifadhi hiyo ilisafishwa: kurasa zikakatwa, mistari na majina ya watu yakafunikwa kwa wino. Leo watafiti wanazichunguza alama za wino zenyewe, maana zinaonyesha ni nini kiliogopwa na lini. Ukurasa uliochapwa upya ukiwa safi usingewaambia hilo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, Mwalimu. Katika daftari usiguse kitu. Usirudishe, usifute, usiandike hata nambari ya ukurasa kwa kalamu. Piga picha kila ukurasa, mistari iliyokatwa isomeke na ya buluu isomeke. Hilo ni la hifadhi. La jukwaani ni jingine, na hapo siwezi kuamua kwa niaba ya ukoo.

Lakini kuna jambo ambalo lazima niliseme, maana naona binamu yako anaamini kwamba uhuru ukija, nyimbo hurudi zenyewe. Mwaka wangu wa pili Leningrad, jikoni bwenini, kila mtu aliimba wimbo wa kwao. Mgeorgia aliimba, Mkirgizi akaghani, Waestonia wawili wakaimba. Zamu yangu ilipofika niliimba wimbo wa kanisa wa misheni, maneno Kibukusu, muziki wa Waingereza. Rafiki yangu akaniambia huo anaujua, kwao wanauimba pia. Babu yangu alikuwa mpigaji litungu, ndugu wa nyatiti yenu, na mimi sikujua wimbo wake hata mmoja. Nilijua sioyaye, lakini huo ni wa kumtoa kijana mtoni asubuhi ya kutahiriwa, huwezi kuuimba jikoni watu wakila viazi. Nilitoka nchi ambayo haikuwa na chama cha kunikataza litungu. Hakuna aliyenikataza. Nilipelekwa shule nzuri, nikaambiwa litungu ni la walevi, babu akafa 1979, basi.

Na huyo Mwestonia aliniandikia miaka ya tisini: hakuna tena wa kuwachagulia nyimbo, lakini jumba la utamaduni la shamba la pamoja kijijini kwao limefungwa, hakuna wa kulipia kuni za kupasha joto, na mwongoza kwaya amekwenda Finland kufanya usafi hotelini. Kwaya ile iliokolewa na wanawake watano waliokutana sebuleni kwa mmoja wao. Nikikumbuka barua hiyo nafikiria wewe na watoto wako 31.

---

Mama wa Kibuye, Kisumu

Shikamoo mzee wa Nakuru. Mwanangu Nyar Kano, pole sana.

Mimi ni Mjaluo wa Mara, nimeolewa huku, nauza dagaa pale Kibuye miaka mingi. Nilizaliwa si mbali na huko kwa mjomba wako. Nimesoma maneno ya mzee nimeyaheshimu, lakini naomba mnisikilize na mimi, maana nyie mnatuongelea kama tulikuwa wafungwa.

Mwalimu Nyerere tulimpenda. Alitoka Butiama, mkoa wetu huo huo. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo cha watu wazima chini ya mwembe, na walikuwa wanaimba kule, nyimbo za jembe na za kusoma, na hakuna aliyewashikia fimbo. Anaziimba mpaka leo akisonga ugali. Ukiniambia zile si nyimbo za kweli kwa sababu zina siasa ndani yake, unamwambia mama yangu furaha yake haikuwa ya kweli. Na ngoma Mwalimu hakuzidharau. Mwaka 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni alilalamika bungeni kwamba wasomi wetu wanajua rumba na chachacha lakini gombe sugu na lele mama hawazijui. Ni kiongozi gani wa upande huu alisema hivyo wakati ule?

Haya, na mabaya nayo niyaseme. Ngoma iliyotakiwa ilikuwa ya taifa, ya kuchezwa uwanjani mgeni akija, dakika kumi, safu mbili. Wamasai waliambiwa wavae suruali. Redio ya taifa ilikuwa Kiswahili. Kijaluo tulikisikia kutoka Kisumu, Sauti ya Kenya, tunategea jioni upepo ukikubali. Na ilipofungwa mipaka, Februari 1977 hadi Novemba 1983, tukawa tunasikia sauti za ndugu kwenye redio na hatuwezi kwenda kuwazika.

Na kuhama. Sisi tulihama 1974, mimi nina miaka kumi. Walikuja asubuhi, balozi wa nyumba kumi akiwa mbele hataki kututazama machoni, akatuambia leo ndiyo leo. Paa la nyumba ya bibi lilishushwa akiwa amekaa kwenye kigoda pale uani. Makaburi yalibaki, na kila kitu kilichopandwa kikabaki. Tukapangwa kwenye mistari kando ya barabara, nyumba ya mkwe karibu na ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu ni mwiko na kila mtu alilijua, na aliyepima viwanja hakuuliza.

Ndiyo maana nataka kukuuliza, mwanangu. Umesema wimbo wa babu yako unasifu dala na kilima. Una uhakika gani kwamba mjomba alikata mistari kwa sababu ya kiongozi wa chama tu? Ile dala 1975 ilikuwa haipo. Ilikuwa gunda. Wenzetu wasio Wajaluo, gunda ni boma lililohamwa, udongo uliobaki na alama za kuta. Mtu hasimami mbele ya mama yake aliyehamishwa mwaka jana akaimba dala ya mumewe kana kwamba moshi bado unafuka. Labda aliambiwa abadilishe, sibishi. Lakini labda alikuwa ameshashindwa kuuimba kabla hajaambiwa.

Mama yako alikuwa huku Kenya. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni mke wa mjomba. Mpigie.

---

Fundi Kaseti, Kakamega

Mwalimu, mimi sina la kusema kuhusu siasa, ila kaseti ndizo kazi yangu, na nimeona watu wengi wakipoteza sauti ya mzee kwa siku moja. Tafadhali usizicheze tena kwenye redio ya nyumbani mpaka umezihamisha. Kaseti ya miaka arobaini ikinaswa mara moja imekwisha.

Kwanza vunja vile vipande viwili vya plastiki kule nyuma ya kila kaseti, ili mtoto asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Zipeleke mbele mpaka mwisho na uzirudishe polepole, mkanda ulegee. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti baada ya kila kaseti, si baada ya tatu. Ukiunganisha na kompyuta, hifadhi faili kubwa isiyobanwa, na usikubali mtu akuondolee mvumo na mikwaruzo kwa programu kwenye nakala ya kwanza. Programu haijui tofauti ya mkwaruzo na gara, zile njuga za miguuni, na ule mlio wa pete ya chuma inayogonga ubao, oduong'o, nimeusikia ukifutwa wote kwenye kanda ya mzee mmoja wa Siaya. Ilibaki sauti kama ya mtu anayeimba ndani ya blanketi. Nakala tatu, nyumba tatu tofauti, moja ibaki kwa familia kule Rorya.

Na sikiliza pande zote mbili hadi mwisho, hata mahali palipo kimya. Wazee walirekodi juu ya rekodi. Ndani ya kimya huwa kuna sauti nyembamba ya chini, wimbo wa kwanza haukufutika sawasawa.

Jambo jingine. Redio Tanzania ilikuwa ikizunguka mikoani kurekodi ngoma, na maelfu ya kanda zao yamebaki Dar es Salaam kwa shirika la utangazaji la TBC. Mashindano ya mjomba hata kama yalikuwa ya wilaya, andika barua uulize, taja mwaka na wilaya ya Tarime. Kanda hizo zilifanywa na serikali iliyokuwa na nia zake, sikatai, lakini upande wetu huku hatuna kitu kama hicho cha vijiji vingi namna ile. Nilishuhudia ofisi moja ikitupa kanda za ngoma za Waluhya ili ipate nafasi ya kuweka mafaili. Nilikuwa kijana wa kazi, nilibeba mabox mwenyewe hadi jaani. Niliokoa tatu.

---

Nyar Kano, Kisumu

Nimerudi. Samahani kwa kukawia, nilikuwa na mitihani ya watoto, na pia nilihitaji siku mbili tatu za kukaa na haya.

Mama wa Kibuye, nilimpigia mke wa mjomba Jumapili baada ya ibada. Tulizungumza mpaka salio likaisha, nikaongeza, likaisha tena. Sikumwambia nimeambiwa nini. Nilimuuliza tu kwa nini mistari ile ilikatwa.

Alinyamaza. Kisha akasema kiongozi wa chama alikuja kweli, na alisema aliyoyasema. Lakini huyo alitaka sifa za fahali na majina ya ukoo yaondolewe, mistari miwili tu. Mistari ya dala na kilima hakuijali, hata hakuielewa, hakuwa Mjaluo. Hiyo aliikata mjomba mwenyewe. Nayanukuu maneno yake, nayaweka kwa Kiswahili: "Alisema hawezi kuimba dala ambayo imekuwa gunda, mama yake akisikiliza. Akaweka kijiji mahali pa dala kwa sababu kijijini ndiko mama yake alikokuwa anakaa."

Nikamwambia sasa binamu anataka turudishe yote. Akauliza, turudishe ya nani? Na hapo hapo kwenye simu akaniimbia mstari wa kilima. Sauti yake imechoka, kifua kinamsumbua, lakini aliuimba. Na maneno hayakuwa yale yaliyoandikwa chini ya kalamu ya buluu. Ni mengine kabisa, kilima kina jina tofauti, na kuna jina la mwanamke ambalo kwenye daftari halimo. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akasema ndivyo bibi, mama wa mjomba, alivyokuwa akiuimba akiwa shambani, wala yeye hakuwahi kusikia mtu mwingine akiuimba hivyo. Kwa hiyo babu alikuwa na wake, bibi alikuwa na wake, na mjomba wake. Mimi nilidhani nina wimbo mmoja uliochafuliwa.

Mzee wa Nakuru, nilimsomea binamu yangu ile sehemu ya shangazi wa Tallinn na nyimbo za Stalin. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimtumie picha ya daftari. Nimezipiga zote, kurasa 58, juani kwenye veranda ili wino wa kwanza usomeke. Mistari ya fahali inasomeka vizuri. Mmoja wa kilima umekatwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Tumekubaliana hivi, mpaka sasa. Watoto wataimba wimbo kama ulivyo kwenye kaseti, na maneno ya buluu yote, pamba na jembe na Mwalimu ametuita, kwa sababu ndivyo mjomba alivyousimamia mbele za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Kabla yao binamu atasoma mistari ya fahali na majina ya ukoo. Ataisimamisha thum kama pakruok inavyotakiwa, na atatoa pesa, amesema atatoa nyingi. Mstari wa kilima hatuuweki kwa mtu yeyote isipokuwa mke wa mjomba, kama kifua kitamruhusu siku hiyo. Kisipomruhusu tutakaa kimya mahali pake na jathum ataendelea kupiga. Amepatikana kijana wa Ahero anayejua tuni ile.

Na watoto wameanza. Jana jioni niliwafundisha ubeti wa kwanza, mtoto mmoja wa darasa la tano akaniuliza Mwalimu huyo aliyetuita ni mimi? Nikawaeleza. Walitaka kujua nyumba zilishushwaje paa, na kama watu waliruhusiwa kubeba kuku. Mama wa Kibuye, waliruhusiwa? Sikuwa na jibu.

Fundi, kaseti nambari 9 imeshikana, mkanda hauzunguki kabisa, na ubavuni ameandika 1976 na jina la bibi. Sijaigusa. Nikuletee Kakamega Jumamosi, au ni bora isisafiri?